Mtani Aliyenyamaza Kaburini

Mtu akicheka mbele ya kaburi lililo wazi, moyo wake uko wapi?

Leokadia Mlowe aliulizwa swali hilo siku ya kwanza ya mafunzo, yeye na wenzake kumi na mmoja, na mkufunzi hakungoja mtu anyooshe mkono. "Haupo," alisema, kisha akaendelea na somo. Wote waliandika. Leokadia aliandika kwa wino wa bluu, akapiga mstari chini yake. Miaka mitatu baadaye, asubuhi moja ya Septemba ambayo ukungu ulikuwa haujapanda kutoka bondeni, aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake katika Kituo cha Usomaji wa Hulka mjini Njombe, na swali lile likamrudia. Safari hii mkufunzi hakuwepo wa kumjibia.

Kiooni palikuwa na jalada la rufani. Kwa kawaida msomaji haoni jina la mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya kazi yao. Kila aliyetaka kulea mtoto asiye wake, kuuguza wagonjwa au kufundisha alivalishwa bangili kwa siku thelathini. Bangili ilisikiliza mapigo ya moyo, jasho la mkono, mtetemo wa koo, na sauti za waliomzunguka mvaaji. Kisha jina lake, kabila lake, tarehe na mahali vilifutwa, ili msomaji asimpendelee mtu wala asimwonee, ikabaki mistari mitatu inayopanda na kushuka. Mtambo uitwao Mizani uliitazama mistari hiyo ukapendekeza fungu moja kati ya saba: Kunjufu, Tulivu, Shupavu, na mengineyo, hadi la saba lililoitwa Kavu. Kazi ya msomaji ilikuwa kukubali au kukataa, kwa saini yake. Leokadia alikuwa ametia saini hati mia tatu na kumi na mbili. Alikuwa amemkatalia Mizani mara nne tu.

Hati namba 171 aliikumbuka kwa sababu ilikuwa rahisi. Tukio la kumi na tisa: msiba. Watu zaidi ya sitini wanalia. Mvaaji anacheka, anapiga kelele, anaigiza kikohozi, kwa dakika ishirini na sita. Moyo wake unapiga sabini na nne kwa dakika na hautetereki. Jasho hakuna. Mizani alipendekeza Kavu. Siku ile Leokadia alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alitia saini kwa mkono mwingine.

Lakini sheria ilitaka jalada la rufani lirudishiwe majina na sauti. Alisoma taratibu. Osmund Gama, miaka thelathini na mmoja, fundi wa mapanga ya upepo, yale yazalishayo umeme. Ameomba kumlea Fides, miaka minne, mtoto wa marehemu dada yake Hyasinta. Kwa kuwa ni wa fungu la Kavu, mtoto ameondolewa kwake na kupelekwa Nyumba ya Malezi. Tukio la kumi na tisa: kijiji cha Itundulu, tarehe kumi na nne Juni, mazishi ya Mzee Bosco Mlowe.

Mzee Bosco Mlowe alikuwa babu yake.

Leokadia alisukuma kiti nyuma, akasimama, akaketi tena. Hakuhitaji mistari kuikumbuka siku ile. Alikuwepo.

Bibi Skolastika, mjane, alikuwa hajala kwa siku tatu. Alikaa mkekani akiutazama ukuta, na kila kijiko cha uji kilichosogezwa mdomoni mwake alikisukuma kwa upande wa mkono. Ndipo Osmund alipotokea, amevaa koti la marehemu kinyumenyume, akichechemea mguu wa kushoto kama Babu, akikohoa kile kikohozi cha Babu kilichoanza kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Alipita katikati ya waombolezaji, akarukia ndani ya kaburi, akalala chali.

"Kaburi limeshapata mtu!" alipaza sauti kutoka chini. "Babu zangu walipopita hapa na mikuki, nyinyi Wabena mlikimbilia mapangoni. Leo mmeona mapango hayatoshi, mnajificha chini ya ardhi? Sitoki! Nileteeni jogoo, na asiwe kiguru kama mwenye koti hili!"

"Toka humo, Mngoni mlafi!" shangazi zake Leokadia walimjibu, machozi yakiwatiririka. "Mlikuja kwa vita, mkaishia kuomba viazi!"

Bibi aliinua kichwa. "Hata koti hajui kulivaa, mpumbavu huyu," alisema, akacheka. Cheko lile liligeuka kilio, kilio kikageuka njaa. Jua lilipozama alikuwa amekunywa uji vikombe viwili.

Hivyo ndivyo utani ulivyokuwa kati ya Wabena na Wangoni tangu vita vyao vilipokwisha, zama ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Ndugu hulia, mtani hucheka kwa ajili yao, kwa kuwa ni lazima mtu mmoja abaki amesimama. Miezi miwili kabla ya hapo, Osmund alipomzika dada yake, aliyelala kaburini alikuwa Babu Bosco mwenyewe, pamoja na mguu wake mbovu. Ilibidi vijana wanne wamtoe kwa kamba. Siku ya kumzika Babu, Osmund alikuwa anarudisha alichopewa.

Leokadia aliifungua sauti ya tukio la kumi na tisa, akaisikiliza kwa mara ya kwanza, kama mtu wa Itundulu. Chini ya vilio vile, hatua mbili kutoka kwa mvaaji, bangili ilikuwa imenasa cheko jingine, jembamba, la mwanamke kijana aliyeshindwa kujizuia. Mizani alikuwa ameliandikia maneno matatu: kelele za pembeni.

Lilikuwa cheko lake mwenyewe.

*

Bwana Kiswaga, mkuu wa kituo, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole aliyepanda maua kwenye makopo dirishani, na Leokadia alimheshimu kama mzazi.

"Umetia saini ulichokiona, binti," alisema. "Hukujua kama ni yeye."

"Ndilo kosa lenyewe, Bwana. Ningejua, nisingetia."

"Na ungejua, ungekuwa umempendelea. Ndiyo maana tunafuta majina. Unajua kabla ya Mizani watoto walikuwa wanalelewa na nani? Na yeyote aliyejua kulia vizuri mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

"Sheria inakataza msomaji kumsoma jamaa yake."

"Inakataza. Kifungu cha tisa." Kiswaga alikijua kwa moyo. "Ukimsoma jamaa yako, hati ni batili tangu mwanzo. Na si hiyo tu: hati zako zote hufunguliwa, na kila uliyemweka fungu hubaki hana fungu hadi asomwe upya. Lakini orodha ya jamaa ina majina kumi na tisa, Leokadia, hadi mke wa mjomba. Mtani hayumo."

"Aliyeiandika orodha hakuzikwa kwetu."

Kiswaga alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Kabla hujaliwaza unaloliwaza, mkumbuke namba mia mbili na nane."

Alimkumbuka. Mistari ile ilimkosesha usingizi wiki nzima: sauti ya mwanamume ikipanda, na kila ilipopanda, mtoto akilia kwa namna moja ileile, kama aliyefundishwa. Leokadia alitia saini Kavu, na mtoto akahamishiwa kwa shangazi yake.

"Yule baba anaandika barua kila wiki kumtaka mtoto," Kiswaga alisema. "Hati zako zikifunguka, na yake imefunguka. Huyu Gama tayari amevaa bangili ya pili. Sheria inasema aliyesoma mwanzo ndiye asomaye rufani. Ngoja siku zake thelathini ziishe. Ukiona wema, tia saini wema. Mtoto anarudi nyumbani, hakuna anayeumia. Si ndivyo unavyotaka?"

Ndivyo alivyotaka. Alitoka ofisini mwa mkuu wake akiwa na njia iliyonyooka mbele yake, na alishangaa kwa nini anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

*

Bibi Skolastika alifariki siku ya kumi na saba ya bangili ya Osmund. Alikuwa ameacha wosia mfupi, na mama yake Leokadia aliurudia kwa kila aliyefika: "Msinizike kimyakimya kama mtoro. Yule Mngoni na aje anitukane."

Watu wa Itundulu walikusanyika chini ya vitambaa vya kunasa ukungu vilivyotandwa juu ya mashamba, matone yakiwadondokea mabegani. Kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi. Jeneza liliwekwa kando yake, na padri akafunga kitabu, akasogea nyuma hatua tatu, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa huko na alijua nani anafuata.

Osmund alisimama mwisho wa safu. Alivaa suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi. Mikono aliifumbata mbele, na kwenye kifundo cha mkono wa kulia bangili iliwaka kijani, ikizima, ikiwaka, kama jicho lisilo na kope.

Watu walingoja. Shangazi mmoja alikohoa ili kumpa njia. Mwingine alisema kwa sauti, bila kumtazama, "Naona leo Wangoni wameogopa udongo." Kicheko kidogo kilizuka, kikafa.

Osmund alitazama viatu vyake.

Mama yake Leokadia alitoka kwenye safu ya wafiwa, akamwendea. Alikuwa mwanamke mrefu, na huzuni ilikuwa imempinda. "Mtani," alisema, "ingia basi. Koti la baba lipo, nimekuja nalo. Mama aliagiza uje."

"Poleni sana, mama," Osmund alijibu.

"Sitaki pole. Pole nimepewa na watu wote hawa. Nipe lililo langu."

"Poleni sana kwa msiba," alirudia, na sauti yake ilikuwa nzuri, tulivu, ya mtu mwenye adabu aliyefika kutoka mbali. Misuli ya shingo ilimsimama.

Leokadia alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alijua kinachomfunga kinywa. Katika umati wote ule alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba mkono uliomfunga ulikuwa wake. Angeweza kusema. Neno lilifika kooni, likakuta watu wengi, likarudi. Alisimama na koti la Babu, ambalo mama yake alimrushia alipokuwa anarudi mahali pake, na alilikumbatia kama mtu anayesikia baridi.

Walimzika Bibi Skolastika kimyakimya. Mchanga uliangukia jeneza, na kila koleo lilisikika. Hakuna aliyetukana mtu. Hakuna aliyedai jogoo. Baadaye sufuria za viazi na maharage zilibaki zimefunikwa, watu wakapita kando yake kana kwamba ni mali ya wengine, na mama yake Leokadia aliketi kwenye mkeka uleule aliokalia Bibi mwezi wa Juni, akiutazama ukuta uleule. Leokadia alimsogezea uji. Mama yake alikisukuma kijiko kwa upande wa mkono.

*

Matokeo ya bangili ya pili yalikuja siku ya rufani, asubuhi. Mizani alikuwa amependekeza fungu la Tulivu. Kiini cha pendekezo kilikuwa tukio la nane: msiba, mvaaji yuko kimya, anatoa pole mara mbili kwa sauti ya chini, moyo unapiga mia na kumi na nane, jasho jingi. Chini yake mtambo uliandika: huzuni ya kweli.

Leokadia aliusoma mstari mwekundu wa mapigo ya moyo unavyopanda kila bangili ilipowaka. Aliusoma kama mtu asomaye barua ya mtu aliye kifungoni. Ilikuwa hofu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alimkuta Osmund kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa Baraza la Rufani. Alikaa wima, magoti pamoja. Leokadia aliketi karibu naye, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, alianzia pale ambapo watu wao walianzia siku zote.

"Mngoni wewe, umekuja mjini na viatu. Umemwibia nani?"

"Ndiyo, dada," Osmund alisema. "Asante."

Leokadia alihisi kitu kinavunjika bila kutoa mlio. Mwaka mmoja uliopita mtu huyu angemjibu kwamba viatu ni vya babu yake Leokadia, alivivua mwenyewe alipokuwa anakimbia vita.

"Osmund. Hati ya kwanza niliisaini mimi."

Alingoja hasira. Osmund aligeuka akamtazama kwa muda, kisha akaitazama bangili yake ambayo sasa ilikuwa imezimwa. "Nilidhani ni mtambo," alisema.

"Mtambo ulipendekeza. Nikakubali."

"Ulikuwepo lakini. Ulisimama pale karibu na shangazi zako. Ulicheka mpaka ukajishika tumbo."

"Nilicheka."

"Basi. Dada, nikuulize wewe uliyesomea. Moyo wangu ulikuwa unapiga sabini na nne, waliniambia. Ni kweli mtu mwenye huruma hawezi kuwa hivyo? Maana mimi nilikuwa na maumivu siku ile. Nilikuwa namwona Hyasinta mle kaburini. Juu ya nguzo za upepo tunafundishwa kupumua, usitazame chini, hesabu pumzi. Nilipumua hivyo ili nisilie mbele ya bibi yako. Lakini sasa sijui. Mtu akiambiwa ni mkavu, usiku anajipapasa kutafuta unyevu. Kabla ya hapo sikuwahi kujiuliza."

Leokadia alimweleza mambo mawili, moja baada ya jingine, kwa maneno mepesi ili asimfiche kitu. La kwanza: yeye Leokadia atie saini hati ya pili, na Fides atarudi leo hii; ila Osmund atavaa bangili mwezi mmoja kila mwaka hadi mtoto afikishe miaka kumi na minane. La pili: asimame aseme kwamba mtani ni jamaa, kwa hiyo hati ya kwanza ni batili. Baraza likikubali, Osmund atakuwa hana fungu lolote, na kwa kuwa ni Kavu iliyomwondoa mtoto, atarudishiwa. Likikataa, hatakuwa na saini yoyote ya kumtetea, na atangoja msomaji mwingine. Huenda miezi sita.

"Saini," Osmund alisema mara moja. "Saini, dada. Mimi nitanyamaza. Kunyamaza si kazi."

Wakati huo mlango wa pembeni ulifunguliwa, na mlezi wa Nyumba ya Malezi akaingia amemshika Fides mkono. Mtoto alikuwa na sketi iliyompita magoti na nywele zilizosukwa na mtu asiyemjua vizuri. Alipomwona Osmund alijinasua, akakimbia, akagonga magoti yake kwa nguvu.

"Mjomba! Fanya kikohozi cha Babu Bosco!"

Osmund alimshika mabega. Mdomo wake ulifunguka. Leokadia aliona macho yake yakishuka, bila yeye kuyaamuru, hadi kwenye bangili iliyozimwa.

"Hujambo, Fides," alisema. "Umekua mtoto mzuri. Unawasikiliza walezi wako?"

Fides alimtazama. Alimtazama kama watu wanavyotazama nyumba waliyowahi kukaa, iliyopakwa rangi nyingine. "Fanya kidogo tu," alisema, sauti ikiwa imepungua. Osmund alijaribu. Kilichotoka kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu mwenye mafua. Mtoto aliachia suruali yake taratibu, akarudi kwa mlezi, akasimama nyuma ya gauni lake.

Karani alitokeza kichwa mlangoni kuita.

"Usisaini," Osmund alisema, bado akiitazama ile sketi iliyojificha. "Wakinirudishia hivi, watakuwa wamemrudishia mtu mwingine. Yeye amemtafuta mjomba wake hapa, hajamwona."

"Huenda ukangoja miezi sita. Huenda wakakataa kabisa."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, Mbena wewe."

Ilikuwa nusu ya utani, imepauka, imechoka. Leokadia aliichukua kama mtu apokeaye maji kwa viganja viwili.

*

Baraza lilikuwa na watu watatu, mwenyekiti akiwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bwana Kiswaga aliketi pembeni kama mkuu wa kituo. Osmund alikaa nyuma, na karibu na mlango mlezi alikuwa amempakata Fides.

"Hati ni nzuri," mwenyekiti alisema. "Mizani ametoa Tulivu bila shaka yoyote. Imebaki saini yako tu, Bi Mlowe, kisha tumpe bwana huyu mtoto wake, twende tukale."

Leokadia alisimama. Alikuwa ameiandaa hotuba usiku kucha, yenye mwanzo, kati na mwisho, nayo haikuja hata kipande.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, bwana huyu ni jamaa yangu. Nilimsoma mara ya kwanza nikiwa sijui, na mara ya pili nikiwa najua. Kwa kifungu cha tisa, hati zote mbili ni batili."

Miwani ilishushwa. "Jamaa kwa upande gani? Jalada linasema yeye ni Mngoni."

"Ni mtani wangu."

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwenzake anayecheka. "Mtani si jamaa kisheria, binti," mwenyekiti alisema bila ukali. "Orodha ninayo hapa."

"Mzee Bosco alipozikwa, Mheshimiwa, mimi mjukuu wake sikuruhusiwa kukanyaga hata ukingo wa kaburi. Baba yangu mdogo hakuruhusiwa. Huyu alilala ndani yake, amevaa koti la marehemu, na bibi yangu akamshukuru. Kama katika orodha hiyo yuko jamaa wa karibu kuliko huyo, naomba mnitajie."

Kwa mbali, kupitia dirishani, mapanga ya upepo yaliendelea kukata ukungu.

"Mtambo ulisikia cheko lake ukasema hana huruma," Leokadia aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaiacha itetemeke. "Wiki tatu zilizopita ulisikia hofu yake ukaiita huzuni ya kweli. Siku hiyo bibi yangu alizikwa kama mgeni, na mama yangu hajala vizuri hadi leo. Mtambo haukutudanganya. Ulisema ulichosikia kwa siku thelathini. Mimi ndiye niliyegeuza siku thelathini zikawa mtu mzima, kwa saini moja, na kikombe cha chai mkononi."

"Leokadia." Bwana Kiswaga alikuwa ameinuka nusu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mzazi anayemwona mwanawe anaelekea ukingoni. "Mia mbili na nane. Fikiria yule mtoto."

"Namfikiria, Bwana. Nilipokuwa namsoma baba yake sikumwuliza mtu hata mmoja aliyeishi naye. Shangazi yupo, majirani wapo, mtoto mwenyewe yupo na ana kinywa. Kama baba yule amemdhuru, kuna watu wanaojua siku na saa, na kwa hilo anaweza kushtakiwa kwa jina lake. Na kama nilikosea pia kwake..." Alisita. Hapo palikuwa na giza na hakutaka kujifanya anaona. "Sijui, Bwana. Naogopa. Lakini siwezi kumlinda mtoto mmoja kwa kumwacha mwingine arudi kwa mjomba aliyekufa akiwa hai."

Mwenyekiti alivua miwani kabisa, akaiacha ining'inie kwenye uzi wake. "Unaelewa kwamba ukisema hivi hatuwezi kukurudisha kazini? Na kwamba kama mtani ni jamaa au si jamaa, tutaamua sisi, wala hatutaamua leo?"

"Naelewa."

"Na bwana huyu anaelewa?"

"Naelewa, mama," Osmund alisema kutoka nyuma. Fides aligeuka kusikia sauti yake.

"Basi sema unachoamua, kiandikwe," mwenyekiti alisema, akamwashiria karani.

Leokadia aliweka kalamu ya saini mezani, akaisukuma mbali naye hadi ikafika kwenye jalada.

"Sitatia saini hati hii," alisema. "Nazifungua hati zangu zote, mia tatu na kumi na mbili. Nitaenda kwa kila mtu niliyempa fungu, nikiwa na jina lake na yeye akiwa na langu, nimwambie nilichokisoma na nisichokisoma. Kesho asubuhi naanza na namba mia mbili na nane."